Fundi Akidondoka, Mwenye Jengo Ajibu

Jengo likiporomoka, nchi nzima husimama. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36, viongozi wakuu walifika na vifusi vikachimbwa usiku na mchana. Novemba 16, 2024, ghorofa lilipowaangukia wafanyabiashara na wateja wao Kariakoo, iliundwa kamati ya kukagua majengo ya eneo lile. Nairobi nayo haijalisahau jengo lililoporomoka Huruma Aprili 2016. Hiyo ilikuwa misiba ya taifa na ilistahili kuitwa hivyo.

Fundi mmoja akidondoka kutoka ghorofa ya tano, hakuna kamati. Kazi inasimama nusu siku. Mwili unapelekwa mochwari, askari anaandika maelezo, msimamizi anawakusanya vijana na kuwaambia wawe waangalifu. Kesho yake saa moja asubuhi kibarua mwingine anakanyaga ubao ule ule. Habari ikibahatika kufika magazetini itapewa aya mbili, na ndani ya aya hizo utakuta jina la marehemu, umri wake na mkoa alikotoka. Jina la mwenye jengo hutalikuta.

Hukumu yetu leo inamhusu huyo asiyetajwa. Vifo vya mafundi wanaodondoka majengoni vina chanzo kinachofahamika, nacho ni hesabu iliyopigwa mezani miezi mingi kabla ya fundi kupanda juu, pale gharama ya jukwaa imara na uzio wa ukingoni ilipofutwa ili bei ya zabuni ishuke. Aliyeifuta anajulikana. Aliyenufaika na kufutwa kwake, yaani mwenye jengo, anajulikana zaidi. Hao ndio wenye deni, na sheria iwadai wao kwanza kabla ya kumuuliza marehemu kwa nini hakuvaa mkanda.

Tuanze na maumbile, kwa sababu hayapokei rushwa wala hayasikilizi utetezi. Mtu anayedondoka kutoka mita 3, kimo cha slabu ya kwanza tu, anafika chini katika muda usiotimia sekunde moja, kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 6 mwendo unakaribia 40. Kutoka mita 10 anatua kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao madereva wanatozwa faini wakiuzidi wanapopita mbele ya nyumba za watu, na yeye hana bodi ya gari mbele yake wala mkanda wa kiti. Chini hakumngoji mchanga laini. Kunamngoja matofali yaliyovunjika, mbao zenye misumari, na nondo za nguzo zilizosimama wima. Muda wa kushika kitu haupo. Kwa hiyo ushauri wa kuwa mwangalifu, hata ukitolewa kwa nia njema kila asubuhi, hauna uzito wowote mbele ya ukingo ulio wazi. Kijana aliyebeba karai la zege begani tangu alfajiri, juani, akiwa amekunywa chai ya rangi na andazi moja, uangalifu wake umekwisha ifikapo saa nane mchana. Jengo salama ni lile ambalo mtu aliyechoka anaweza kukosea hatua akabaki hai.

Na mahali wanapofia panajulikana. Wanafia kwenye ukingo wa slabu iliyokwisha kumwagwa zege, ambako kuta hazijainuliwa na hakuna kinachozuia mguu. Wanafia kwenye shimo la lifti, lile pango lenye giza linaloachwa wazi tangu msingi hadi paa kwa sababu lifti yenyewe itakuja mwakani. Wanafia kwenye matundu ya sakafuni yaliyoachwa kwa ajili ya mabomba, yakafunikwa kwa kipande cha plaiwudi kisichopigiliwa msumari, kipande ambacho fundi anayekiokota ili akitumie kwingine anatumbukia kwenye tundu alilokuwa halioni. Wanafia kwenye paa, wakikanyaga bati bovu au lile la plastiki linaloingiza mwanga, katikati ya papi badala ya juu yake. Na wanafia kwenye majukwaa ya mirunda.

Hili la mirunda linahitaji kusemwa kwa kirefu, maana ndilo sura ya ujenzi wetu. Si kweli kwamba mti haufai. Tatizo ni kwamba jukwaa la mirunda kwenye majengo yetu halina mbuni, halina kipimo na halina mkaguzi. Linafungwa na fundi yeyote aliyepo siku hiyo, kwa kamba iliyokwisha kutumika mara kadhaa au kwa misumari iliyonyooshwa kwa nyundo. Miguu yake inasimama juu ya udongo uliochimbwa jana, au juu ya tofali. Halikufungwa ukutani popote, kwa hiyo likisukumwa na upepo au na uzito wa matofali yaliyorundikwa upande mmoja, linaondoka lote. Pa kukanyaga ni ubao mmoja, au mbili ukiwa na bahati, wenye upana wa nyayo mbili, na ncha yake haikufungwa; mtu akikanyaga mwisho wake, upande wa pili unainuka. Hakuna reli ya kushika kiunoni, hakuna reli ya katikati, hakuna ubao wa chini wa kuzuia tofali lisimwangukie aliye chini. Kisha hakuna ngazi. Fundi wa kupiga lipu anapanda na kushuka kwa kukwea mirunda yenyewe, ndoo mkononi.

Jukwaa linalostahili jina hilo halina siri. Miguu ina vikanyagio vya chuma vilivyokaa juu ya mbao pana. Limefungwa kwenye jengo kwa vipimo vilivyowekwa na mtu aliyesomea. Sakafu yake imejaa mbao bila kuacha mwanya. Reli ya juu inafika kiunoni. Uingereza inataka isipungue milimita 950 kutoka sakafuni, na mwanya kati ya reli na reli usizidi milimita 470, ili mwili wa mtu usiweze kupenya. Linakaguliwa kabla ya kupandwa kwa mara ya kwanza, na tena baada ya dhoruba. Nani katika nchi hii atasema kwamba hayo ni elimu ya mbinguni?

Sasa pesa, maana hapo ndipo kesi yenyewe ilipo.

Mkadiriaji majenzi anapoandaa mchanganuo wa gharama, saruji inahesabiwa kwa mifuko, nondo kwa kilo, vigae kwa mita za mraba. Kila kimoja kina mstari wake na bei yake, na mkandarasi anayepunguza nondo anajua kwamba mhandisi atakuja kuzihesabu kabla ya zege kumwagwa. Jukwaa, uzio wa ukingoni, vifuniko vya matundu, nyavu na mikanda havina mstari. Vyote vimesukumwa ukurasa wa mwanzo, kwenye fungu la maandalizi ya awali, pamoja na maji, umeme wa muda, choo cha vibarua na mshahara wa mlinzi, na fungu zima linapewa tarakimu moja ya jumla. Wazabuni watano wanashindana. Wote wananunua saruji kwa bei inayokaribiana. Nondo hazipunguziki. Pa kukata ni pale pasipohesabiwa na mtu, na aliyekata sana ndiye anayeshinda kazi. Mkandarasi mwadilifu aliyeweka gharama halisi ya jukwaa la mabomba ya chuma kwa ghorofa zote anaambiwa kwamba bei yake iko juu. Baada ya mwaka mmoja wa kuambiwa hivyo, naye anajifunza.

Kisha aliyeshinda anaigawa kazi. Kuta anampa huyu, lipu anampa yule, kuezeka anampa wa tatu, kila mmoja kwa bei ya mkupuo. Mkandarasi mdogo anayelipwa kwa mita za ukuta atanunua jukwaa la chuma kwa fedha gani? Anakata mirunda. Kibarua anayelipwa kwa siku, bila mkataba wala jina lililoandikwa popote, atakataa kupanda kwa ujasiri gani, wakati getini wamesimama wenzake kumi wanaosubiri nafasi yake? Uamuzi uliochukuliwa juu kwenye meza ya zabuni umeteremka ngazi kwa ngazi hadi umemfikia mtu ambaye hana wa kumteremshia. Yeye ndiye anayeulipa.

Mwenye jengo atajitetea kwamba yeye si mtaalamu, alimwachia mkandarasi. Utetezi huo hatuupokei. Mtu huyo huyo hajawahi kusahau vigae, hajawahi kusahau vioo vya mbele, na anapotembelea jengo lake Jumamosi jioni anaona kwa macho yake kwamba ghorofa ya sita haina kitu ukingoni. Anakaa mbali na ukingo huo yeye mwenyewe. (Na ikitokea mheshimiwa anakuja kukagua mradi, kofia ngumu nyeupe zinapatikana asubuhi hiyo hiyo, safi, zikiwatosha wageni wote. Zinatoka wapi na zinarudi wapi?) Uingereza ilikwisha kulimaliza jambo hili mwaka 1995, ilipoanza kutumia kanuni zinazombebesha mteja, yaani mwenye mradi, wajibu wa usalama tangu hatua ya usanifu, kwa hiyo anayelipia jengo hawezi kusema hakujua linavyojengwa. Hong Kong nayo, tangu 1996, ilitoa gharama za usalama nje ya ushindani kwenye miradi ya serikali: takriban asilimia 2 ya thamani ya mkataba inawekwa pembeni, kila kipengele kina bei iliyokwisha kupangwa, na mkandarasi analipwa anapothibitisha kwamba ametekeleza. Hakuna anayeshinda zabuni kwa kuuza reli za ukingoni.

Wapo watakaosema hizo ni nchi tajiri. Tuwakumbushe San Francisco ya miaka ya 1930, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, watu wakipanga foleni kuomba kazi. Wakati ule ilikuwa ikisemwa miongoni mwa wajenzi wa Marekani kwamba kila dola milioni moja ya ujenzi itakula mtu mmoja, na hesabu hiyo ilikubalika. Mhandisi mkuu wa daraja la Golden Gate, Joseph Strauss, aliikataa. Alitandaza wavu chini ya daraja lilipokuwa likijengwa, kwa gharama ya dola 130,000 hivi za siku zile. Wanaume 19 walidondoka, wakanaswa na wavu, wakarudi nyumbani kwao. Lakini Februari 17, 1937, jukwaa zito la kazi liling'oka, likauchana wavu na kwenda baharini na watu; 10 walikufa. Sehemu zote mbili za habari hii zina maana kwetu. Wavu unaokoa, kwa hiyo kisingizio cha umaskini hakina mashiko. Na wavu hauokoi pale jukwaa lenyewe ni bovu, kwa hiyo anayenunua nyavu na mikanda ili aachwe aendelee na jukwaa lake bovu anajidanganya.

Tukija kwenye mikanda, ndipo tunapoisikia kauli inayopendwa kuliko zote katika ofisi za wakandarasi: mafundi wenyewe hawataki kuvaa. Kuna ukweli ndani yake, na hatutauficha. Wapo mafundi wa zamani wanaojivunia kutembea juu ya kenchi bila kushika kitu, wanaomcheka kijana anayeomba kamba. Majivuno hayo yameua watu. Lakini nenda utazame mkanda wenyewe waliopewa. Mara nyingi ni ule wa kiunoni, ambao Marekani iliacha kuukubali kuwa kinga ya kumdaka mtu anayedondoka tangu Januari 1, 1998, kwa sababu unamdaka kwa tumbo na uti wa mgongo. Utazame tena umefungwa wapi. Kwenye ukingo usio na nguzo wala waya wa kufungia, fundi anaambiwa aufunge kwenye nini? Akiufunga kwenye mrunda, ataondoka nao. Na hata mkanda halisi wa mwili mzima, wenye kamba ya karibu mita 2 na kifyonza mshtuko, unahitaji nafasi ya karibu mita 6 chini ya mahali ulipofungwa ili umsimamishe mtu kabla hajagusa ardhi. Kwenye ghorofa ya kwanza mkanda wa namna hiyo ni pambo. Kisha akidakwa na kuning'inia, ni nani amepangwa kumtoa? Mtu aliyening'inia kwenye mikanda bila kushushwa upesi anaweza kufa pale pale, damu ikiwa imekwama miguuni, huku wenzake wakitafuta ngazi.

Ndiyo maana wataalamu wanauweka mkanda mwisho wa mlolongo. Kwanza ifanywe chini kila kazi inayoweza kufanywa chini: kenchi ziungwe ardhini zipandishwe zikiwa tayari, nondo za nguzo zifungwe chini. Kisha ukingo uwekewe uzio unaomlinda kila anayepita, awe amevaa nini, awe amelala vipi usiku uliotangulia. Kamba na mkanda vibaki kwa kazi ambayo haiwezekani kwa njia nyingine. Sisi tumeanzia mwisho, tena kwa sababu ya bei: mkanda unauzwa rahisi, na juu ya yote unamhamishia fundi lawama. Akifa bila kuuvaa, amejiua mwenyewe.

Sheria hatuna upungufu nayo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 na wakala wa kuisimamia, OSHA. Ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi yenye uwezo wa kumfutia mtu usajili. Ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na Mfuko wake unapokea michango ya waajiri tangu 2015. Kenya ina sheria zake mbili za 2007, moja ya usalama kazini na nyingine ya fidia, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011; tena huko mwajiri anatakiwa kumjulisha ofisa wa usalama kuhusu kifo kazini ndani ya saa 24 na kuandika taarifa kamili ndani ya siku 7. Juni 2022, Geneva, mataifa yaliyokutana katika Shirika la Kazi Duniani yaliyaweka mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi. Maneno yametosha.

Kinachokosekana ni mtu wa kumkuta mwenye kosa na hatia. Wakaguzi ni wachache, majengo ni mengi, hilo linaeleweka. Lakini uchache wa wakaguzi hauelezi kwa nini jengo lililo mita mia chache kutoka ofisi ya manispaa linapanda ghorofa nane likiwa uchi kingo zote. Hauelezi kwa nini mirunda hiyo inaonekana na kila abiria wa daladala na haionekani na mwenye mamlaka ya kuizuia. Wala hauelezi kwa nini miradi inayojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, ambako usalama wa wafanyakazi ni sharti la fedha kutoka, ina maofisa wa usalama, uzio na daftari la ajali, wakati fundi yule yule akihamia jengo la mtu binafsi mtaa wa pili anarudi kwenye ubao mmoja. Ujuzi upo. Vifaa vipo nchini. Tofauti ni kwamba kule fedha zinazuiwa na huku hazizuiwi.

Na yanayofuata baada ya kifo ni aibu tupu. Tunaujua utaratibu, maana umezoeleka hata unaonekana kama mila. Mkandarasi anatoa jeneza, anakodi gari la kusafirisha mwili, anaongeza magunia ya mchele na bahasha ya rambirambi. Mzee wa familia, aliyesafiri usiku kucha, anasainishwa karatasi kwamba ndugu wameridhika na hawatadai zaidi. Anashukuru, kwa sababu ni mwungwana na yuko kwenye msiba. Rambirambi ni wema. Fidia ni haki, na wema wa mkandarasi haufuti haki ya yatima. Lakini familia ya kibarua ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya malipo inaanza safari ya fidia kwa kuthibitisha kwanza kwamba marehemu alikuwa anafanya kazi pale. Mwajiri aliyemficha ili asilipe michango ndiye anayeulizwa kama alimfahamu.

Wakati huo huo hatuhesabu. Marekani inaweza kusema kwamba mwaka 2022 ilipoteza wafanyakazi wa ujenzi 1,069, na kwamba 395 kati yao walidondoka kutoka juu. Uingereza inatangaza kila mwaka. Katika mwaka ulioishia Machi 2024 watu 138 walikufa kazini, na 50 walikufa kwa kudondoka. Nchi hizo bado zinazika mafundi, lakini mwananchi wao anaweza kumuuliza waziri wake swali lenye tarakimu ndani yake. Hapa kwetu, mwananchi anayetaka kujua ni mkandarasi gani amepoteza vijana wangapi kabla hajampa kazi ya kumjengea nyumba hana ubao wa kuusoma.

Tunataka mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji bunge jipya.

Kingo na majukwaa vitoke kwenye fungu la jumla. Vipimwe kwa mita kama tunavyopima kuta, viwekewe bei isiyoshindaniwa, na vilipwe baada ya kuonekana. Serikali ianze kwenye zabuni zake yenyewe, kwa sababu haiwezi kumkemea mtu wa Kariakoo huku shule na zahanati zake zikiezekwa na vijana wanaotembea juu ya papi kwa miguu mitupu. Wakadiriaji majenzi, ambao wana bodi na wana viapo, waache kuandika michanganuo inayolificha jukwaa.

Kibali cha ujenzi kifuate ghorofa. Tayari upo utaratibu wa mhandisi kukagua nondo kabla ya zege kumwagwa. Karatasi hiyo hiyo iongezwe mstari mmoja: slabu iliyotangulia imewekewa uzio pande zote, shimo la lifti limezibwa kila sakafu, matundu yamefunikwa na kupigiliwa. Bila saini kwenye mstari huo, gari la zege lirudi lilikotoka. Mhandisi atakayesaini uongo apoteze usajili wake, na hili lifanyike hadharani mara moja tu, uone jinsi wenzake watakavyoanza kupanda ngazi wenyewe kukagua.

Kila kifo cha kudondoka kichunguzwe kama kifo, si kama usumbufu wa ratiba. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 195, inamtambua kuwa na hatia ya kuua bila kukusudia mtu anayesababisha kifo kwa kuacha kutenda wajibu wake kwa uzembe mkubwa.  Kifungu hicho kinaweza kumfikia mkurugenzi wa kampuni aliyeandikiwa na mhandisi wake kwamba jukwaa halifai akajibu kwamba kazi iendelee. Polisi wanaofika kwenye eneo la tukio wachukue mchanganuo wa gharama kama kielelezo, pamoja na mkataba na barua zote za eneo la kazi, kabla hawajachukua maelezo ya saidia fundi aliyekuwa karibu na ambaye bado anatetemeka. Na karatasi za kuridhika zilizosainiwa msibani zisipewe uzito wowote na mtu yeyote mwenye mamlaka.

Vyama vya wafanyakazi navyo vishuke kutoka kwenye semina. Kibarua wa ujenzi hana tawi la chama, hana ada inayokatwa, na pengine ndiyo sababu hana wa kumsemea. Fundi anayekataa kupanda kwenye jukwaa bovu anahitaji mtu atakayesimama naye getini siku hiyo hiyo, wala si mwezi ujao kwenye kikao.

Majengo ambayo tayari yako njiani yasisubiri kanuni mpya. OSHA na halmashauri za majiji wapange wiki moja, waanzie mitaa wanayoiona kutoka madirishani mwao, na mkaguzi aanzie juu kabisa, kwenye slabu ya mwisho. Akikuta ukingo uko wazi, aandike zuio papo hapo, libandikwe langoni likiwa na jina la mwenye jengo, jina la mkandarasi na namba ya kibali, na lisiondolewe kwa simu.